Kinanda cha bure kutoka Ubelgiji

Swali: "Jambo Fundi. Mimi ni katibu wa kamati ya parokia moja hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Kanisa moja la kijijini Ubelgiji linafungwa, na padri aliyewahi kufanya utume kwetu ametuombea kinanda chao cha mabomba. Tunapewa bure, ila lazima kitoke kabla jengo halijauzwa mwezi wa kumi na mbili. Kina safu nane za mabomba, vibao viwili vya vibonye vya mikono na kimoja cha miguu. Kwaya inaruka kwa furaha, paroko anaogopa gharama. Mhandisi wetu anasema tukodi kontena, na kikifika tutakiunganisha wenyewe kama kabati. Je, tukubali? Na kitaishi katika hewa yetu?"

Jibu:

Mama Katibu, jambo, na asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huniandikia kontena likiwa tayari baharini.

Nianze na mhandisi wenu, maana hilo neno lake la kabati limenichekesha, kisha likanitia wasiwasi. Kabati likiunganishwa vibaya, mlango utakwaruza sakafu na maisha yataendelea. Kinanda cha safu nane kina mabomba mia nne na ushee, na kila bomba lina tundu lake moja tu. Chini ya kila kibonye kuna mlolongo wa fito nyembamba za mbao, waya na vipande vya ngozi, unaokwenda kufungua kidirisha kidogo cha upepo. Ufito mmoja ukikaa mahali pa jirani yake, mpiga kinanda anagusa do na kanisa linasikia re. Na fito hizo zinafanana kama vijiti vya mishikaki.

Jibu langu ni ndiyo, kubalini. Ila msianze na kontena, anzeni na mtu. Mtafuteni kijana mmoja wa parokia, aende Ubelgiji wiki tatu, ashike bisibisi pamoja na fundi wa vinanda wa kule siku kinapovunjwa, apakie kwa mikono yake, na huyo huyo ndiye atakayekifungua Lubumbashi. Najua kamati itakachosema: tiketi, viza, koti la baridi, yote kwa ajili ya mtu mmoja wakati paa la sakristia linavuja. Nawaelewa. Lakini tiketi hiyo msiikate hata kama itabidi mkate kila kitu kingine.

Nilipokuwa bado najifunza kazi, tulipokea kinanda kidogo cha safu nne kutoka Ujerumani. Kilikuwa kimevunjwa na wapakiaji wa kawaida, watu wema waliozoea kuhamisha piano na friji. Kila bomba waliliandika namba kwa chaki. Chaki! Baada ya miezi miwili ya kusuguana ndani ya karatasi, tulifungua masanduku tukakuta mabomba 216 yanayong'aa, hayana hata alama moja. Tukayalaza juu ya mikeka katika ukumbi wa parokia, tukawaita watoto wa kwaya. Mtoto mmoja anapuliza, mwenzake anaimba noti aliyoisikia, wa tatu anatafuta mahali pa kulilaza kwenye foleni. Sauti ya kwanza na sauti ya pili waligombania fa-diezi moja kwa nusu saa.

Siku ya pili msichana wa miaka kama kumi na miwili akaniita nione mikwaruzo karibu na mguu wa bomba: herufi ndogo zilizochongwa kwa ncha ya chuma na fundi wa kwanza kabisa. C, D, E, F. Tukashangilia. Halafu tukakutana na H. Hakuna aliyejua H katika do-re-mi. Mkuu wetu wa kazi akakata shauri kwamba ni mwanzo wa neno la Kifaransa haut, yaani juu, kwa hiyo mabomba yote ya H tukayapeleka upande wa noti za juu. Siku mbili zikapotea hivyo. Kumbe Wajerumani huita noti ya si kwa herufi H, na B kwao ni si-bemoli. Mtu mmoja tu aliyekuwapo siku ya kuvunja angetuambia hilo kwa pumzi moja.

Katika kisa hicho kuna kosa jingine ambalo leo singelirudia. Mabomba ya madini hutengenezwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, na mengi ya zamani yana risasi nyingi. Watoto wasiweke midomo hapo. Tumieni kiriba kidogo cha mkono kupuliza, na kila aliyeshika mabomba anawe kabla ya kula.

Huko Ulaya kuhamisha vinanda ni desturi ya zamani, na vingine vimeponea huko vilikohamia. Mwaka 1680 fundi wa vinanda Arp Schnitger alijenga kinanda kwa ajili ya kanisa la St. Johannis mjini Hamburg. Zama za Napoleon kanisa hilo likageuzwa ghala la jeshi la Wafaransa, kinanda kikavunjwa na kuwekwa. Mwaka 1816 kijiji cha Cappel, ambacho kanisa lake lilikuwa limeungua mwaka 1810, kikakinunua, na fundi mwingine wa vinanda akaja kukisimamisha. Wanakijiji hawakuwa na fedha za kukibadilisha kila mtindo ulipobadilika. Ndiyo sababu mabomba mengi ya Schnitger yamebaki kama alivyoyaacha, na leo watu wanasafiri hadi Cappel kusikiliza kitu ambacho mji mkubwa ulikiuza. Kwa hiyo akitokea mtu wa kuwashauri "mkiongezee" sauti ya tarumbeta au spika wakati kiko njiani, mshukuruni na mwendelee na kazi.

Sasa karatasi. Waulizeni kwanza kinanda ni cha nani. Padri anaweza kuahidi kwa moyo mweupe kitu kisicho chake: Ubelgiji mali ya kanisa la parokia husimamiwa na halmashauri yenye hadhi yake ya kisheria, na baadhi ya vinanda vimeorodheshwa kuwa urithi, havitoki bila kibali cha serikali. Mpate barua ya zawadi iliyotiwa sahihi na halmashauri hiyo. Kisha mtazame vibonye vyeupe kwa karibu. Vikiwa na vidoadoa vidogo vyeusi kama ncha ya sindano, ni mfupa wa ng'ombe, hakuna shida. Vikiwa laini, na mistari myembamba inayopishana kama wavu, huenda ni pembe ya ndovu, na hiyo haivuki mpaka bila hati za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kama hakuna mwenye subira ya hati, fundi wa kule avibandue abandike mfupa. Msijaribu kuvipitisha kimyakimya. Ndovu wetu wameshateseka vya kutosha.

Kuna swali moja ambalo hamkuniandikia jibu lake, nalo ndilo linaloweza kugeuza ndiyo yangu kuwa hapana: kibonye kinaongeaje na bomba? Kama ni kwa fito na waya, kila kitu kikionekana kwa macho, chukueni. Seremala mzuri wa mitaa yetu ya Kenya au Katuba, hapa hapa Lubumbashi, ataweza kutengeneza ufito uliovunjika siku hiyo hiyo. Lakini kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wengi wa Ulaya walipenda mfumo wa vijibomba vyembamba vya upepo na vifuko vidogo vya ngozi, mamia kwa mamia, kila kimoja kikubwa kama sarafu. Vifuko hivyo vikizeeka hufa vyote karibu wakati mmoja, na ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba sijaipata katika soko lolote la huku. Kinanda cha namna hiyo ni kama mgonjwa wa dayalisisi: kinahitaji kukaa karibu na hospitali yake. Kikataeni kwa adabu. Vilevile kile chenye nyaya za umeme na sumaku za miaka ya sitini.

Tuseme ni cha fito. Kijana wenu atakapofika kule, kazi yake ya kwanza si kuvunja. Siku mbili nzima apige picha na kusikiliza. Kila safu irekodiwe noti kwa noti kwenye simu, kutoka chini kwenda juu, kinanda kikiwa bado mzima; hiyo ndiyo kumbukumbu mtakayorudi nayo mtakapobishana hapa kwamba bomba fulani "lilikuwa hivi tangu zamani". Halafu apime upepo. Chombo chake ni mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, umekunjwa kama herufi U na kujazwa maji nusu. Unatoa bomba moja, unachomeka ncha ya mpira katika tundu lake, mtu anabonyeza kibonye, na maji yanashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Tofauti ya vimo hivyo viwili, kwa milimita, ndiyo nguvu ya upepo wa kinanda. Kwa kinanda cha kanisa dogo mara nyingi itakuwa kati ya 60 na 90. Aiandike kwenye jalada la daftari lake, maana nitairudia.

Kuhusu kupakia niseme machache, kwa kuwa fundi wa kule anajua. Mabomba madogo, ambayo mengine ni mafupi kuliko kalamu, hulala kwenye trei, kila moja ndani ya karatasi yake, jina la safu na noti likiwa limeandikwa kwa penseli juu ya karatasi na juu ya trei. Makubwa ya madini hujibonyeza kwa uzito wake yenyewe yakilazwa vibaya, kwa hiyo yanataka kitanda kinachofuata umbo lake. Bomba la wazi la futi 16 lina urefu wa karibu mita 4.8 bila kuhesabu mguu, na kontena dogo kwa ndani lina mita 5.9 tu, lipimwe kabla ya kukodi. Kama sauti nzito ya miguu inatoka kwenye mabomba ya mbao yaliyozibwa juu, mna bahati, kwani bomba lililozibwa huimba oktava nzima chini ya lile la wazi lenye urefu uleule. Mbao za masanduku ziwe zimepashwa moto ili kuua wadudu na kupigwa alama ya suke la ngano yenye herufi HT, la sivyo mzigo utazuiliwa bandarini. Na zisiwe mbao mbichi za mwaloni. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi unaokula risasi. Katika kanisa la St. Jakobi mjini Lübeck kinanda cha karne ya 17 kiliharibika hivyo miguuni mwa mabomba.

Njia yenu ya kawaida itakuwa meli hadi Dar es Salaam, kisha lori: Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Copperbelt, kisha mpaka wetu wa Kasumbalesa. Ni karibu kilomita 2,000 za barabara. Barabara siiogopi. Ninachoogopa ni kusimama. Kontena la chuma lililosimama juani ni tanuri, na kinanda kimeunganishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo haipendi tanuri. Mzigo mmoja niliousubiri ulikaa mpakani wiki tano kwa sababu ya karatasi moja iliyoandikwa "chombo cha muziki" mahali pamoja na "mabomba ya chuma yaliyotumika" mahali pengine. Tulipofungua, bawaba za ngozi za mvukuto zilikuwa zimebanduka zikining'inia kama masikio ya mbuzi. Hivyo orodha iwe moja, kwa Kifaransa, na jina moja tu kwa kitu kimoja kuanzia Ubelgiji hadi mlangoni kwenu. Kila sanduku liwe na namba na picha ya kilichomo, ili afisa wa forodha akitaka kuona ndani aone picha kwanza. Ombi la msamaha wa kodi lipitie jimbo na lianze kabla meli haijang'oa nanga. Likianza lori likiwa Kasumbalesa, mtalipa kwa kila siku ya kusubiri.

Mmeuliza kuhusu hewa, na hapa ndipo penye utamu.

Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Ubelgiji kwa karibu asilimia 11. Watu wakisikia hivyo hudhani feni ya kinanda itashindwa kazi, na huniuliza wanunue kubwa zaidi. Ni kweli feni ileile itasukuma kwa nguvu pungufu kwa asilimia hizo hizo. Lakini bomba nalo linahitaji nguvu pungufu! Kinachoamua jinsi bomba linavyosema ni mwendo wa ule utepe wa upepo unaopita mdomoni mwake, na hewa nyepesi hukimbia zaidi ikisukumwa kwa nguvu ileile. Kwa hiyo kinanda kilichokuwa na milimita 70 kule, huku kitajisikia nyumbani kwenye 62. Ni nini kinachoweka hiyo 70? Ni uzito wa mawe au vyuma vilivyolazwa juu ya mvukuto, na jiwe halijui kwamba limepanda mlima. Mkiyarudisha mawe yote, mabomba yatapiga kelele na mengine yataruka kwenda oktava ya juu, nanyi mtaanza kuyapasua midomo kuyarekebisha. Msiguse midomo. Ondoeni mawe kidogo kidogo huku mkitazama mpira wa maji, mpaka usome 62. Ndiyo sababu nilitaka kipimo cha kule kiandikwe.

Sauti kuwa juu au chini ni habari nyingine. Kimo cha mji hakiigusi. Joto ndilo linaloigusa, kwa kuwa sauti husafiri kasi zaidi katika hewa ya moto. Kinanda ambacho noti yake ya "la" iliwekwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde katika kanisa la nyuzi 18 kitaimba karibu 445 kwenu mchana wa nyuzi 25. Vinanda vingi vya zamani vilifuata "la" ya 435, kipimo ambacho Ufaransa ilikiweka mwaka 1859. Kimoja cha aina hiyo, kama kiliwekwa katika nyuzi 15, huku kitapanda chenyewe hadi karibu 443 bila mtu kukigusa. Mabomba yenye ulimi wa shaba ndani hayapandi hivyo, kwa sababu ulimi ndio unaotawala, kwa hiyo misa ya kwanza ya mwezi wa sita, asubuhi ile ya mikono mifukoni, safu hizo zitaonekana zimewaacha wenzake. Si ugonjwa, jua likipanda watakutana. Na mpiga kibodi wenu atalalamika kwamba kinanda "kiko juu". Kibodi ya umeme ina mahali pa kusogeza sauti kwa vipimo vidogo. Asogeze yeye. Mabomba mia nne hayawezi kumfuata mtu mmoja.

Adui wa kweli Lubumbashi ni ukavu. Ninyi mnajua midomo inavyopasuka mwezi wa nane na wa tisa. Sanduku la upepo, ule ubao mkubwa ambao mabomba yanasimama juu yake, nalo linapasuka vivyo hivyo. Ufa mwembamba kama unywele kati ya mifereji miwili unatosha upepo kuvuja kwa jirani, na bomba linaanza kuimba bila kuitwa, katikati ya mahubiri. Kisha mvua za mwezi wa kumi na moja zinakuja, mbao zinavimba, vibonye vinang'ang'ania. Wafilipino walipata somo hili kwa upande wa pili. Kinanda cha mianzi cha Las Piñas, kilichomalizwa mwaka 1824 na padri Diego Cera, kina mabomba 1,031, na 902 kati yake ni ya mianzi. Kilipopelekwa Bonn mwaka 1973 kutengenezwa na nyumba ya mafundi wa vinanda ya Klais, mafundi hawakukifungua ovyo katika karakana ya Kijerumani. Walitayarisha chumba chenye joto na unyevu wa Ufilipino, wakafanyia kazi humo, na mwaka 1975 kikarudi kwao. Sisi hatuna fedha za chumba cha namna hiyo. Tuna muda, nao ukitumiwa vizuri unafanya kazi karibu ileile.

Hivyo basi, kikitoka Ubelgiji mwezi wa kumi na mbili, kitawafikia katikati ya mvua. Masanduku yaingie kanisani, yafunguliwe vifuniko, yakae hivyo hadi mwezi wa tano bila mtu kuunganisha chochote. Mbao zijizoeze. Mwezi wa tano na wa sita ndipo mnaunganisha. Ikifika mwezi wa tisa nyufa zitajitokeza. Zitieni alama kwa penseli, zilizo mbaya mzibe kwa ngozi nyembamba, nyingine mziache, kwa sababu baadhi zitajifunga zenyewe mvua zikirudi. Ndani ya kinanda wekeni beseni mbili za maji na vitambaa vinavyoning'inia ndani yake, na kipima unyevu cha bei ndogo. Kikisoma kati ya 50 na 65 laleni usingizi. Kazi ya mwisho ya kuweka sauti sawa ingoje hadi kinanda kimeonja kiangazi kimoja na masika moja.

Kama kuna ubao mkubwa wa kubadilisha, tumieni mulombwa uliokaushwa vizuri, ule ambao Watanzania huita mninga. Hausinyai na haupindi ovyo kavu ikija, na mchwa wanauheshimu. Mchwa wenyewe mnawajua: nusu ya mji huu imejengwa kwa matofali ya udongo wa vichuguu vyao, na wangependa kurudishiwa kitu. Miguu ya kinanda isimame juu ya bamba la chuma, sentimita kumi mbali na ukuta, ili njia yao ya udongo ionekane kabla haijafika kwenye mbao. Panya nao wanapenda gundi ya ngozi kuliko mahindi.

Mahali pa kukiweka: mnawaza roshani, nina hakika. Kinanda cha ukubwa huo kinaweza kufika tani mbili au tatu. Mhandisi wenu hapa ndipo tunapomhitaji kweli. Apime roshani, si kontena. Mimi ningekiweka chini, ubavuni mwa altare, mbali na madirisha ya matofali ya matundu yanayoingiza vumbi jekundu. Juu ya roshani, chini ya mabati, mchana joto hupanda nyuzi kadhaa kuliko sakafuni, na mvua ikinyesha hakuna atakayesikia hata bomba la futi 16.

Umeme. Mota ya feni ya kinanda chenu huenda ni chini ya kilowati moja, na umeme wa Ubelgiji una mizunguko 50 kama wetu, kwa hiyo itakubali. Wekeni kifaa cha kutuliza volteji kabla ya mota, kwa sababu mota haiuawi na delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, bali na umeme unaorudi kwa kishindo. Na mwambieni kijana atazame ubavuni mwa kinanda kama kuna tundu la mraba lililozibwa kwa kibao. Hapo ndipo ulipokuwa mkono wa kusukumia mvukuto kabla ya umeme. Kama mkono wenyewe umetupwa, seremala atachonga mwingine kwa asubuhi moja, na kila delestaji itakapokata katikati ya Utukufu, mtoto mmoja wa altare ataacha chetezo akimbilie pale.

Mmebakiwa na miezi michache, na viza haingoji, kwa hiyo swali lenu la wiki hii ni nani aende. Msimchague kwa sababu ni mpwa wa mwenyekiti wala kwa sababu anapiga kibodi vizuri. Parokia nyingi za zamani zina harmoniumu mbovu stoo, nyuma ya viti vilivyovunjika. Itoeni. Wapeni vijana watatu, kila mmoja kwa zamu yake, aifungue yote hadi ubao wa mwisho na kuirudisha kwa siku tatu. Atakayekuja siku ya kwanza na daftari na penseli kabla ya kuomba bisibisi, mwandikieni barua ya viza jioni hiyo hiyo.